Bwana Kupe na Vichupa Viwili vya Machi

Ndugu wafiwa, majirani, wakubwa na wadogo wa kazini, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, familia imemchagua mdogo wa marehemu, yule fundi cherehani mnayemfahamu, aisome historia hii, si kwa sababu anajua kusoma kuliko wenzake, bali kwa sababu wenzake wote walisema sauti zitawakatika, yeye akanyamaza, ikachukuliwa kwamba amekubali. Anaomba mumvumilie, maana mengine yaliyomo humu ameyajua jana tu, na mpaka asubuhi hii bado hajui ayashike wapi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Kupe mpaka jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mfuga ng'ombe na mama mkunga, katika nyumba ya udongo iliyokuwa hatua arobaini kutoka kwenye zizi. Hapa tayari pana utata, kwa kuwa tarehe hiyo ni ya kadi ya kliniki, kitambulisho kinasema 1 Julai 1954, na mama yetu, hadi anafumba macho, alishikilia kwamba mwanawe alizaliwa siku ile fahali wa jirani alipotumbukia joshoni, kwenye maji ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, akagoma kutoka, siku ambayo hakuna ofisi iliyoiandika. Familia ilikaa kikao, ikapiga kura, kadi ikashinda kwa kura mbili.

Alianza shule ya msingi Januari 1961, kwenye shule ya vyumba vinne nyuma ya bwawa la kunyweshea, akamaliza Novemba 1967, akiwa mwanafunzi msikivu isipokuwa tarehe 8 Oktoba 1965, alipofungua kopo la maziwa darasani ili amwonyeshe mwenzake kupe jike aliyeshiba, mkubwa kama punje ya harage, kumbe yule kupe alikwisha kutaga siku nyingi, mayai yameanguliwa, na vitoto vyake, vidogo kuliko ufuta, vilikuwa vinangoja kifuniko tu. Darasa zima lilijikuna mpaka kengele ya mwisho, mwalimu wa hesabu akiwa wa kwanza, na fimbo alizochapwa marehemu siku ile alizisimulia maisha yake yote kwa fahari, kama mtu mwingine anavyosimulia cheti. Aliendelea na sekondari kuanzia 1968 hadi 1971, akaingia chuo cha mifugo Januari 1972, na tarehe 29 Novemba 1974 akakabidhiwa cheti chenyewe.

Aliajiriwa tarehe 3 Februari 1975 kama msaidizi wa maabara ya mifugo, katika chumba cha mwisho kwenye ukumbi mrefu, chenye meza ya bati, bomba lililodondosha maji mwaka mzima, na hadubini moja iliyogombaniwa na watu sita. Mwaka 1979 ofisi ilianza kazi kubwa ya kujua ni kupe gani wanaishi wapi, yeye akapewa mkoba wa ngozi, kibano, spiriti na vichupa, akatumwa kijiji baada ya kijiji kufunua masikio ya ng'ombe, kutazama chini ya mkia, kwapani na kwenye kiwele, kuwang'oa kupe na kuwahifadhi, kila zizi na kichupa chake.

Marehemu hakupenda mtu aondoke hajaelewa, kwa hiyo na tuelezane hapa alivyokuwa akitueleza mezani hadi chakula kikapoa. Kupe hamkimbilii ng'ombe, humngoja, hupanda jani la nyasi, akanyoosha miguu ya mbele, akasikilizia pumzi, ng'ombe akipita akamdandia. Yule wa masikio, ambaye ndiye anayeleta ndigana kali na kuua ndama, hudandia wanyama watatu maishani mwake, mmoja akiwa mdogo, wa pili akiwa kijana, wa tatu akiwa mzima, na baina ya hao huanguka chini akaishi nyasini miezi mingi, hivyo mtu anayemtafuta kwenye ng'ombe tu amemkuta mgeni nje ya nyumba yake. Nyumba yake ni nyasi na unyevu, ardhi ikibaki tupu akakauka, baridi ikizidi mayai yakagoma kuanguliwa, ndiyo maana wataalamu huweza kuchora mstari kwenye ramani, wakasema upande huu yupo, upande ule hayupo, upande huu jengeni josho, ule hauna haja. Mstari wa eneo letu ulichorwa kutokana na vichupa vya marehemu.

Hapa ndipo alipotaka karatasi yake isomwe. Alimkabidhi mdogo wake tarehe 21 Aprili mwaka huu, wodini, akasema, "Isome kwenye sehemu ya kazi, usiiweke mwishoni, mwishoni watu huwa wanatafuta viatu vyao," na mdogo wake aliifungua akiwa kwenye ngazi za hospitali, akaisoma mara tatu, akakaa chini. Kwenye kikao cha familia mtoto wa pili wa marehemu alisema isisomwe, baba alikuwa mgonjwa na wagonjwa huandika mengi, kifungua mimba akasema wosia ni wosia, mama yao akatazama mikono yake, na msomaji akabaki katikati kama kitambaa kinachovutwa na wateja wawili. Ruhusa ya kuisoma ilipatikana jana, namna ilivyopatikana itasemwa mbele, na karatasi yenyewe inasema hivi:

"Tarehe 17 Machi 1981 nilipita vijiji viwili siku moja, cha bondeni asubuhi, cha juu mchana. Kila kichupa huwekwa kikaratasi ndani, pamoja na kupe, kimeandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye spiriti, na hilo hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza analijua. Penseli yangu ilinipotea njiani, nikaazima kalamu ya wino, nikasema nitaandika upya nikifika. Mvua ilinizuia siku mbili. Nilipofungua mkoba vikaratasi vilikuwa vyeupe. Kichupa kimoja kilikuwa na kupe wa masikio kumi na wanane, kingine hakikuwa na hata mmoja, kilikuwa na wale wa tumboni tu. Kitabu kilisema wa masikio hapendi baridi ya juu, nikakifuata kitabu, nikaandika bondeni kwenye kile chenye wa masikio, nikaandika juu kwenye kile kingine, kana kwamba nakumbuka. Sikukumbuka. Nilikisia. Bondeni wakajengewa josho, juu hawakujengewa. Ndama wa juu walipoanza kufa nilijua nimegeuza vichupa, na nilipoulizwa sikusema. Watu wa juu wajue ni mimi."

Karatasi inaishia hapo, haina hata sahihi.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 26 Juni 1982, na binti wa mfugaji wa kijiji hichohicho cha juu, ambaye alimwona kwa mara ya kwanza siku ileile ya Machi, kwa kuwa binti ndiye aliyemshikia vichwa vya ng'ombe, na marehemu alikuwa akitutania kwamba alipendana na msichana aliyenuka mafuta ya taa mpaka viwikoni, akadhani kwao hawazimi jiko. Waliishi nyumba ya vyumba vitatu karibu na maabara, wakajaliwa watoto watatu, kifungua mimba wa kike, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1983, ambaye ni nesi, wa pili wa kiume, tarehe 19 Novemba 1985, ambaye ni dereva wa lori na ambaye baba yake alikuwa zizini siku ya kuzaliwa kwake, akafika hospitali na kibano mfukoni, na kitinda mimba wa kike, tarehe 7 Februari 1991, ambaye leo anakaa kwenye meza ileile ya bati, ingawa bomba limeshatengenezwa. Ameacha pia wajukuu wanne, wote wanaojua kumtambua kupe dume na kupe jike kabla hawajajua kufunga viatu.

Mwaka ule mtoto wa kwanza alipozaliwa ndipo kijiji cha juu kilipopigwa. Ndama walivimba matezi chini ya masikio, wakakohoa, wakatoa povu puani, wakalala, na baba mkwe wa marehemu peke yake alifukia kumi na tisa kati ya ishirini na wawili, na jirani zake, ambao wengi wenu mko hapa leo, mnazo hesabu zenu ambazo hakuna haja ya kuzifukua. Marehemu alikwenda kwa mkuu wa maabara kuomba josho la juu, akaonyeshwa ramani ukutani, akaambiwa, "Bwana, mstari huu umechorwa kwa kazi yako mwenyewe, sasa unataka nikuamini wewe wa mwaka ule au wewe wa leo?" Alirudi mara tano, kila mara akisema kupe wamehama, wamepanda mlima, hali ya hewa imegeuka, na mara zote tano alikuwa na neno moja la kweli mdomoni akalimeza, kwa sababu lingemtoa kazini akiwa na mtoto wa kunyonya nyumbani. Josho la juu lilifunguliwa tarehe 11 Agosti 1987, baada ya yeye kupeleka vichupa vipya, vya penseli.

Kuanzia mwaka 1984 hadi 2021, kila tarehe 17 Machi, mvua au jua, marehemu alipanda kijiji cha juu na mkoba wake, akafunua masikio ya ng'ombe wa baba mkwe, akaandika, akashuka. Mdogo wake, ambaye ndiye msomaji, na anakiri mbele yenu kwa aibu, kwa miaka kadhaa aliamini kuna mwanamke. Alifika hata kumuuliza wifi yake, "Wifi, huyu mume wako kila Machi anakwenda wapi na shati lililopigwa pasi?"

"Kwa baba," wifi akajibu.

"Kufanya nini?"

"Kutazama masikio."

"Masikio ya nani?"

Wifi akainuka kwenda kutazama sufuria ambayo haikuwa na kitu. Msomaji alirudi kwenye cherehani yake akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda, akakata suruali ya mteja mguu mmoja mfupi.

Marehemu alistaafu tarehe 1 Julai 2014, kwa hesabu ya kitambulisho, ingawa kwa hesabu ya kadi alikuwa amefanya kazi zaidi ya mwaka mzima bila mtu kumwomba. Septemba 2021 miguu ilianza kuvimba, madaktari wakasema ni moyo, akalazwa mara tatu, mara ya mwisho tangu tarehe 2 Aprili mwaka huu, wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Baba mkwe wake, mzee wa miaka tisini na mmoja, alishushwa mara mbili kuja kumwona, na mara zote mbili wawili hao walizungumza habari za mvua, imenyesha wapi, imekosa wapi, nyasi zimefikia wapi, kisha mzee akaaga. Mara ya pili alifika mlangoni akageuka, akasimama, sisi tukadhani kasahau fimbo. Marehemu alifariki tarehe 5 Mei, saa nane na dakika kumi mchana, mke wake akiwa amemshika mkono wa kushoto.

Jana, tarehe 7 Mei, msomaji alipiga moyo konde akamfuata mzee kwenye chumba cha uani alikofikia, kwa sababu aliona si haki mzee wa umri ule aje asikie mbele ya umati kwamba mkwe wake ndiye aliyemuulia ndama. Alimsomea karatasi yote. Mzee akaomba isomwe tena, polepole, hasa pale pa vichupa, na iliposomwa mara ya pili akauliza, "Mwanangu, kumbe alikuwa hajui?"

Msomaji akamwuliza, hajui nini.

Mzee akasema, na maneno yake yaliandikwa palepale nyuma ya karatasi ya vipimo vya sketi, "Siku ile mchuuzi wa maziwa alipanda na baiskeli saa nne asubuhi, akatuambia bondeni kuna bwana anapekua masikio, na wakiona kupe fulani wanafunga kijiji, ng'ombe hawatoki. Mimi nilitaka kuwahamisha wangu wiki ileile, malisho yalikuwa yamekwisha. Nikamwita huyu binti yangu, tukang'oa, sikio kwa sikio, ng'ombe ishirini na saba, tukawatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Bwana alipofika saa tisa akakuta masikio safi kama ya bwana harusi. Wa tumboni hatukuwagusa, hatukujua wana maana. Wa masikio walikuwapo juu, mwanangu, siku nyingi walikuwapo, ila si ndani ya kichupa chake. Yeye hakugeuza chochote. Kitabu chake kilikosea, mimi nilimdanganya, yeye akakisia sawa."

Msomaji alimwuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo, na mzee akajibu, "Kila Machi akija nasema leo ndiyo leo, ameshagundua, atanisema. Anafunua masikio, anakunywa maji, anaaga. Nikajua huyu ni mkwe mwenye adabu, ananingoja niseme mwenyewe. Nami nikishindwa, namsubiri mwaka ujao." Akacheka kidogo, halafu kicheko kikageuka kilio, na mtu mzima akilia namna ile hujui ushike bega lipi.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, amesikia yote. Alisema, "Na mimi nilidhani anakwenda kumbana baba. Nilikuwa namfungia chakula cha njia, nataka kumwambia, namwonea haya baba, namwonea haya yeye. Miaka arobaini nalala na mtu anayejiita mwongo, na mwongo nilikuwa mimi." Akamimina chai kwenye vikombe vitatu, hakuna aliyeinywa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na kweli imekuwa hivyo, ila waliosema hawakutueleza tufanye nini baadaye. Msomaji alirudi nyumbani hajui amkasirikie nani, mzee aliyeng'oa kupe ili ng'ombe wake wapate malisho, wifi aliyemheshimu baba yake, au kaka yake mwenyewe, ambaye kosa alilojibebesha halikuwa lake, na lile lililokuwa lake, la kuandika kana kwamba anakumbuka na kunyamaza mbele ya ramani, bado lipo, ameliandika kwa mkono wake na hakuna mwenye ruhusa ya kulifuta. Alijaribu kumkasirikia kila mmoja kwa zamu, akashindwa, akabaki na hasira isiyo na mwenyewe, na majonzi makubwa, kwa sababu mara mbili mzee na mkwe wake walikaa kwenye kitanda kimoja, dawa ya kila mmoja ikiwa kwa mwenzake, wakaongea habari za mvua.

Ruhusa ya mzee ilikuwa ya maneno machache: "Lisome la kwake, ukimaliza lisome la kwangu, na mimi nikiwa nimekaa mbele, watu wa juu wanione, maana ndama hawakuwa wangu peke yangu." Amekaa hapa mbele, mstari wa kwanza, na yote mawili yamesomwa. Watu wa juu, mlilo nalo mtamwambia mkishamaliza mazishi, naye amesema haondoki mpaka mumalize.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, waliomvumilia mgonjwa aliyewapa somo la kupe kila walipokuja kumpima presha, inawashukuru majirani kwa viti, maji na turubai, wafanyakazi wenzake wa maabara, wa zamani na wa sasa, na ndugu wa kijiji cha bondeni waliotoa lori la kuwashusha wa juu, na wote ambao majina yenu hatukuyataja, si kwa kuwasahau, ni kichwa kimejaa.

Lililobaki ni la kwako, kaka, na limechelewa siku mbili tu baada ya miaka arobaini na miwili. Hukugeuza vichupa. Kile cha bondeni kilikuwa cha bondeni. Mzee amesema mwenyewe, mkeo amesema, na sasa limesomwa kwenye sehemu ya mwisho, na hakuna aliyetafuta kiatu. Ichukue amani yako, pumzika nayo.